Mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, losheni au krimu ya duka la dawa: uchague nini ngozi ikikataa?

Ngozi ikianza kuwasha baada ya kupaka, wengi wetu hukimbilia kununua chupa nyingine. Ya pili ikikataa, tunapanda bei. Ya tatu tunaambiwa na muuza vipodozi kwamba ni ya asili kabisa, na hiyo nayo inaacha shingo imejaa vipele. Naandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu aliyefika hapo, au mzazi ambaye mtoto wake halali usiku kwa kujikuna. Msimamo wangu nausema mapema: usichague kwa bei, wala kwa jina, wala kwa picha ya jani la mshubiri kwenye lebo. Chagua kwa kuhesabu vilivyomo. Kila kiungo ndani ya chupa ni mshukiwa, na chupa yenye viungo viwili ni kesi nyepesi kuliko yenye thelathini.

Ngozi imechokozwa, au ina mzio?

Ngozi iliyochokozwa hulalamika mapema. Unapaka, na ndani ya dakika au saa chache panachoma na kukauka. Krimu ya yurea kwenye ngozi iliyochanika hufanya hivyo, na krimu za uso zenye asidi pia. Yeyote anaweza kuchokozeka akipaka kwa wingi wa kutosha. Ukiiacha ngozi ipone, huenda ukaweza kuitumia tena krimu ileile kwa kiasi kidogo bila shida.

Mzio, au aleji kama tunavyozoea kusema, ni kumbukumbu ya kinga ya mwili. Seli za kinga zikishakitambua kiungo fulani kama adui, huitikia kila kinaporudi, hata kikiwa kidogo sana. Tena huitikia kwa kuchelewa: muwasho na vipele hutokea kwa kawaida siku 1 hadi 3 baada ya kupaka. Ndiyo maana mtu hulaumu samaki aliyemla jana na kuiacha losheni ya juzi ikiendelea kumdhuru. Linalowashangaza wengi zaidi ni kwamba mzio unaweza kuzuka kwa kitu ulichokipaka miaka mingi bila tatizo lolote. Kusema "hii naipaka tangu shule ya msingi" hakuitoi losheni hiyo katika orodha.

Kuhusu dalili, maelezo mengi yanamwambia msomaji atafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta sehemu iliyogeuka zambarau, kijivu au nyeusi kuliko ngozi ya pembeni. Ipapase uone kama imekuwa nene na ya kukwaruza, kama ina vipele vidogo, malengelenge au magamba. Ikishapona huacha madoa meusi yanayoweza kukaa miezi. Madoa hayo ndiyo yanayowasukuma wengi kwenye krimu za kung'arisha, na huko hali huharibika zaidi. Nitalieleza hilo chini.

Kama ndani ya dakika chache baada ya kupaka midomo au uso unavimba na pumzi inabana, achana na ulinganisho wowote. Nenda hospitali wakati huohuo.

Mafuta ya mgando na losheni

Tofauti kubwa kati ya hivi viwili ni maji. Losheni ni maji yaliyochanganywa na mafuta, na penye maji bakteria na kuvu huota. Kwa hiyo mtengenezaji analazimika kutia vihifadhi, pamoja na vitu vya kuyashikanisha maji na mafuta yasitengane. Mafuta ya mgando hayana maji, kwa hiyo hayahitaji hayo yote.

Vihifadhi ni kundi la pili la kuangaliwa baada ya manukato, na kisa chake kina funzo. Kwa miaka mingi wateja waliogopeshwa kuhusu parabeni, aina moja ya vihifadhi. Watengenezaji wakazitoa, na wengi wakaweka mahali pake kihifadhi kinachoandikwa kwenye chupa "methylisothiazolinone". Kliniki za ngozi za Ulaya na Marekani zikaanza kupokea wagonjwa wengi waliobabuka uso na mikono. Mwaka 2013 chama cha Marekani cha madaktari wanaoshughulikia mizio ya ngozi kilikitaja kihifadhi hicho kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Kufikia 2017 Umoja wa Ulaya ulikuwa umekipiga marufuku katika vipodozi vinavyopakwa na kuachwa mwilini, ukakiacha kwa kiasi kidogo sana katika vile vya kuoga na kusuuza. Na parabeni zilizokimbiwa? Mwaka 2019 chama kilekile kilizitangaza kuwa "siyo kisababishi cha mzio" cha mwaka, kwa sababu ni miongoni mwa vihifadhi vinavyowapa watu mzio mara chache mno. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa kwamba haina parabeni bado haijakwambia kitu muhimu: ina nini badala yake?

Majina mengine ya kuyatafuta nyuma ya chupa ni "DMDM hydantoin", "imidazolidinyl urea", "diazolidinyl urea" na "quaternium-15". Haya yote hutoa formaldehaidi kidogo kidogo ndani ya losheni ili isiharibike, na formaldehaidi inajulikana sana kwa kusababisha mzio. Yanakili kwenye simu kabla ya kwenda dukani. Herufi za nyuma ya chupa ni ndogo, na muuzaji mara nyingi hana majibu.

Mafuta ya mgando yana sifa ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia. Yalipewa hataza Marekani mwaka 1872 na Robert Chesebrough, yule wa Vaseline, na hadi leo madaktari wanapompima mtu mzio wa ngozi, vitu vingi vinavyopimwa huchanganywa ndani ya mafuta ya mgando meupe kabla ya kubandikwa mgongoni. Wanayatumia kwa sababu yenyewe ni nadra mno kumletea mtu mzio. Zaidi ya hayo, kwa kuzuia maji yasipotee kwenye ngozi, ni vigumu kupata kitu kinachoyashinda.

Yana kasoro, na hazifai kufichwa. Kwenye joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga yananata, vumbi linaganda, jasho linabanwa chini. Mwenye chunusi au vipele vya vinyweleo kifuani na mgongoni anaweza kuviona vikizidi. Hilo si mzio, lakini linaudhi vilevile. Hayaongezi maji bali huyafungia yaliyopo, hivyo yapakwe mara tu baada ya kuoga, mwili ukiwa na unyevu bado. Kuna hatari moja pia ambayo naomba isichukuliwe kwa wepesi: nguo na mashuka yaliyolowa mafuta ya aina hii kwa muda mrefu hushika moto upesi, na kuyafua hakuyaondoi yote. Anayepaka kwa wingi asikae karibu na jiko la mkaa, mshumaa au koroboi.

Angalia pia kwamba mkebe wa mgando siyo lazima uwe mgando mtupu. Mingi inayouzwa kwa ajili ya watoto imetiwa manukato na rangi. Unautaka ule ambao orodha yake ina neno moja, "petrolatum" au "white soft paraffin", basi.

Kwa ngozi ambayo imeshabadilika na inawasha sasa hivi, chaguo langu ni huo mgando mtupu usio na harufu, peke yake, kwa wiki kadhaa, kila kitu kingine kikiwa kimewekwa pembeni. Losheni isubiri ngozi itulie. Kama joto halikuruhusu kupaka mgando mchana, paka usiku, na mchana tumia gliserini iliyozimuliwa kwa maji safi; mzio wa gliserini ni nadra. Izimue kidogo kidogo ya kutumika siku hiyo, maana ikishaingia maji haidumu. Hakikisha tu si zile chupa za gliserini zenye harufu ya waridi.

Nazi, alizeti, zeituni, shea

Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila kuongezwa kitu ni salama kwa watu wengi, na mzio wa kweli wa mafuta hayo ni wa nadra. Usiyachanganye na chupa za dukani zenye picha ya nazi: nyingi huwa na mafuta ya madini, manukato na rangi, na nazi yenyewe kidogo. Nimeulizwa pia kuhusu "cocamidopropyl betaine", kitoa povu cha shampuu na sabuni za maji ambacho hutengenezwa kutokana na nazi. Hicho kweli huleta mzio, lakini mara nyingi sababu ni mabaki ya kemikali za kiwandani. Mwenye mzio huo hana haja ya kuyaogopa mafuta ya nazi ya nyumbani.

Kati ya alizeti na zeituni, wengi wangechagua zeituni kwa heshima yake ya kale. Mimi nachagua alizeti. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Sheffield, Uingereza, uliwapaka watu wazima matone ya mafuta hayo mikononi kwa wiki kadhaa: ya zeituni yalidhoofisha tabaka la nje la ngozi, ya alizeti yaliliacha salama. Ngozi iliyodhoofika tabaka la nje huruhusu vichokozi na visababishi vya mzio kupenya kwa urahisi. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, yaani ukurutu, mimi siwezi kupendekeza zeituni. Alizeti inalimwa kwetu, Singida na Dodoma, bei yake inavumilika. Unachotafuta ni yaliyosafishwa, mapya, yasiyotumika kukaangia.

Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na huyeyuka mkononi. Mzio wake ni nadra. Nunua isiyotiwa manukato, hata kama harufu yake ya asili haikupendezi.

Habbat soda inahitaji tahadhari ya peke yake. Pwani tunaipenda na tunaipa heshima kubwa, lakini mafuta yake yakipakwa kwenye ngozi yamewahi kuripotiwa na madaktari kuleta mzio, mwingine mkali wa malengelenge. Usimpake mtoto mwenye ngozi iliyochubuka.

Ya asili na ya maabara

Mti haujui kama wewe una mzio. Karafuu ina eujenoli, mdalasini una sinamali, na vyote viwili vimo katika mchanganyiko wa manukato ambao madaktari huutumia kupima mzio. Mchaichai una sitrali. Maganda ya machungwa na malimao yana limonini, lavenda ina linaluli, na hizi mbili zina tabia yake: zikiwa mpya si kali sana, ila zikikaa wazi na kukutana na hewa hugeuka kuwa visababishi vya mzio vyenye nguvu zaidi. Kwa hiyo losheni ya mchaichai au machungwa uliyoifungua mwaka jana, ikakaa dirishani juani, si ile uliyoinunua. Itupe.

Sisemi haya kuidharau sanaa ya mama zetu wa Unguja na Pemba. Singo, ule mchanganyiko wa mlangilangi, waridi na karafuu wa kusugulia mwili, ni urithi, na bibi harusi aliyesingwa ana haki ya kujivunia. Tofauti iliyopo ni kati ya kinachosuguliwa kikaoshwa na kinachokaa mwilini kutwa: kilekile kiungo huleta shida zaidi kikiachwa. Kama ngozi ya bibi harusi ina historia ya kukataa vitu, ajaribu singo hiyo sehemu ndogo ya mkono wiki mbili au tatu kabla, asianze siku ya harusi yenyewe. Na piko, ile hina nyeusi inayochanganywa na rangi ya nywele, iondolewe kabisa kwenye mpango. Kemikali yake iitwayo PPD inaweza kuacha malengelenge yenye umbo la maua yaliyochorwa, na aliyeshapata mzio huo anaweza kuvimba uso siku atakapopaka rangi ya nywele.

Upande wa maabara nao una manukato yake, tena mengi zaidi. Neno "Parfum" au "Fragrance" kwenye orodha linaweza kuficha makumi ya viungo. Sheria ya Ulaya ililazimisha 26 kati ya hivyo viandikwe kwa majina vinapozidi kiwango fulani, na mwaka 2023 orodha hiyo ikapanuliwa kupita 80. Ndiyo sababu chupa iliyotoka Ulaya inakuwa na majina marefu mwishoni: linalool, limonene, geraniol, eugenol, citral. Urefu wa orodha hiyo haumaanishi kwamba ni mbaya kuliko chupa iliyoandika "Fragrance" tu. Imekwambia ukweli zaidi.

Maneno ya mbele ya chupa

"Isiyo na harufu" na "isiyo na manukato" si kitu kimoja. Losheni inaweza kutiwa manukato kidogo ya kuficha harufu ya mafuta yenyewe, ikaonekana haina harufu, na bado ikakuwasha. Geuza chupa usome nyuma.

Neno "hypoallergenic" lina uzito mdogo kuliko linavyosikika. Marekani ilijaribu mwaka 1975 kuliwekea kanuni, mahakama ikaitengua kanuni hiyo mwaka 1977, na mpaka sasa hakuna kipimo cha kisheria huko kinachomzuia mtengenezaji kuliandika. "Imepimwa na madaktari wa ngozi" haikwambii walipima nini, kwa watu gani, wala majibu yalikuwaje. Picha ya mtoto mchanga ndiyo dhaifu kuliko zote. Bidhaa za watoto hupendwa kwa harufu yake, na harufu hiyo ni manukato.

Krimu za duka la dawa

Hapa watu hulegeza macho kwa sababu muuzaji amevaa koti jeupe. Ile inayoitwa "aqueous cream" iliandikwa kwa miaka mingi kama kilainisho cha ngozi kavu. Ina sodiamu lauril salfeti, kitu kilekile cha kutoa povu katika sabuni. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya kwamba inaweza kuchoma na kuchokoza ngozi, hasa ya watoto wenye ukurutu. Kama unayo nyumbani, itumie kuogea mahali pa sabuni kisha isuuze, na ikichoma iache.

Krimu ya yurea ni nzuri kwa kazi yake. Asilimia 5 hadi 10 kwa ukavu wa mwili, na zaidi ya 20 kwa magaga ya miguu. Kwenye michubuko itachoma, na huko ni kuchokoza, si mzio.

Lanolini hutoka kwenye sufu ya kondoo, na akina mama wanaonyonyesha huijua kwa chuchu zilizopasuka. Kwa mwenye ngozi nzima huwa salama mara nyingi. Kwa mwenye ukurutu au vidonda sugu vya miguu hatari ya mzio inapanda, na mwaka 2023 ilitajwa na chama kile cha Marekani kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Nikilinganisha lanolini na mgando mtupu kwa mgonjwa wa vidonda, nachukua mgando bila kusita.

Kisha kuna tyubu ndogo ya steroidi ambayo jirani atakuazima. Inatuliza haraka, na hilo ndilo tatizo: unaendelea kupaka losheni inayokudhuru huku steroidi ikificha ushahidi, na ngozi inazidi kuwa nyembamba. Ikiandikwa na daktari, kwa siku alizotaja, ni dawa njema. Ikiwa ndani ya mkorogo, yaani krimu zile za kung'arisha ngozi, pamoja na haidrokwinoni au zebaki, ni hatari kwa ngozi, na zebaki ni hatari kwa figo. Krimu hizo zimekatazwa Tanzania, ambako tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unazitaka nchi wanachama ziondoe vipodozi vya zebaki sokoni. Aliyezoea krimu kali ya steroidi usoni kwa miezi asiiache ghafla peke yake, kwani ngozi inaweza kulipuka vibaya. Amwone daktari amsaidie kushuka polepole.

Ukibaki na mbili usizoweza kuamua

Subiri ngozi itulie. Chukua moja tu. Paka kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, mahali palepale, mara mbili kwa siku kwa siku 7. Ukiwa umewahi kupata mzio, endelea hadi 14. Usipaoshe mara baada ya kupaka. Kipimo cha usiku mmoja, ambacho wengi wetu hukifanya, hakitoshi kwa sababu ya kule kuchelewa nilikokueleza. Pakiwasha au kutoa vipele, acha hapohapo na uitunze chupa, usiitupe. Pakikaa salama, anza kuitumia kwenye mwili, na uso uwe wa mwisho. Ya pili ijaribiwe baadaye, kwenye mkono mwingine.

Kama vipele vinarudi hata kwa mgando mtupu, au vimeingia kwenye kope, mikono ya kazi au sehemu za siri, ni wakati wa daktari wa ngozi. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na hospitali nyingi kubwa za rufaa zina kliniki ya ngozi. Uliza kama wanafanya kipimo cha viraka: vitu vinabandikwa mgongoni kwa saa 48, kisha panasomwa, na panasomwa tena siku moja au zaidi baadaye, hivyo panga nauli ya kurudi. Beba kila unachogusisha mwilini pamoja na maboksi yake, siyo losheni peke yake: sabuni, shampuu, mafuta ya nywele, marashi, dawa ya kufulia, rangi ya kucha. Kope zinazovimba mara nyingi hupata kisababishi chake kutoka kwenye nywele au kwenye vidole vinavyozifikicha.